Bima, kadi ya punguzo, taslimu au kliniki: Marekani ulipie dawa kwa njia ipi?

Kila mwisho wa mwezi kuna mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, anayekuja kuchukua dawa zake tatu kwenye famasi ninayofanyia kazi hapa Louisville, Kentucky. Anatoka moja kwa moja ghalani, zamu ya usiku, kizibao cha kung'aa bado kiko mwilini. Siku moja aliinama kwenye dirisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo la aibu: "Mwanangu, hii ya mafuta ya damu, bila kadi ni ngapi?"

Nilikuwa nimeshapitisha kadi yake ya bima na skrini ilimdai dola 15. Nikaifuta ile hesabu, nikaingiza namba za kadi ya punguzo ya bure. Vidonge vilevile 30, kichupa kilekile mkononi mwangu. Dola 7 na senti 40. Mama alikuwa amelipa 15 kila mwezi kwa miaka miwili.

Nikataka kumfurahisha zaidi, nikajaribu njia hiyohiyo kwa dawa yake ya kisukari. Ikawa kinyume: bima ilidai dola 5, kadi ya punguzo 11. Mgonjwa mmoja, dirisha moja, dakika ileile, na jibu limegeuka kati ya dawa ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana nimeandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani. Kwetu mtu huuliza bei kabla hajafungua pochi. Hapa tumezoea kukabidhi kadi na kulipa chochote kinachotajwa.

Kati yako na kiwanda

Katikati yenu kuna dalali. Jina lake rasmi ni msimamizi wa mafao ya dawa, na kifupi chake kinachotumika Marekani nzima ni PBM. Bima na waajiri humwajiri apatane bei na viwanda, apange orodha ya dawa zitakazolipiwa, achague famasi zinazokubaliwa na aamue famasi irudishiwe kiasi gani kwa kila kichupa. Watatu wakubwa ni CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx. Karibu 80 kati ya kila dawa 100 za kuandikiwa na daktari hupitia mikononi mwao. Kila mmoja yuko chini ya paa moja na kampuni ya bima: Caremark na Aetna, Express Scripts na Cigna, Optum Rx na UnitedHealthcare. Na kila mmoja ana ndugu yake mwenye famasi, iwe ya mtaani au ya kutuma kwa posta.

Haki yao niwape. Bila mtu wa kupatana kwa niaba ya mamilioni ya wagonjwa, viwanda vingetaja bei na hakuna ambaye angebisha. Marejesho wanayobana kutoka viwandani, yaani sehemu ya bei ambayo kiwanda humrudishia dalali, husaidia kupunguza mchango wa bima wa kila mwezi. Tatizo ni kwamba fedha hizo hupita juu ya kichwa cha anayeumwa. Ukidaiwa asilimia fulani ya bei ya dawa, mara nyingi asilimia hiyo hupigwa kwenye bei ya juu iliyotangazwa, kabla marejesho hayajatolewa. West Virginia lilikuwa jimbo la kwanza kuamuru, mwaka 2021, kwamba marejesho yamfikie mgonjwa palepale anaponunua.

Halafu kuna cha juu. Dalali huitoza bima au serikali bei moja, huirudishia famasi bei ndogo zaidi, na tofauti inabaki kwake. Huko Ohio, mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti mwaka 2018 iliyoonyesha kwamba katika mpango wa Medicaid pekee, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, tofauti hiyo ilifika dola milioni 224.8 kwa mwaka mmoja. Tangu Oktoba 2022 Ohio inatumia msimamizi mmoja wa dawa za Medicaid mwenye mkataba na jimbo lenyewe. Kentucky yetu ilitangulia, Julai 2021.

Majimbo ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa wa vita hivi, na utaona kwamba sheria za jimbo lako hukufuata hadi dirishani, au hukuacha mlangoni, kulingana na njia ya kulipia uliyochagua.

Maswali matano ya kupimia

Njia zote nne nimezipima kwa maswali yaleyale. Unatoa kiasi gani leo? Je, fedha hiyo inahesabiwa kwenye kizingiti chako cha mwaka, yaani kile kiasi ambacho lazima kikutoke mfukoni kwanza ndipo bima ianze kulipa sawasawa? Sheria ya jimbo inakufikia? Kuna mtu anayeziona dawa zako zote kwa pamoja, ili zisigombane mwilini, na taarifa zako ziko salama kiasi gani? Mwisho, njia hiyo inamfaa nani?

Swali la pili ndilo watu hulisahau, na ndilo linalowaumiza ifikapo Novemba.

Kadi ya bima

Bei ya leo. Inategemea dawa imewekwa ngazi gani kwenye orodha ya dalali. Dawa za jeneriki, yaani nakala halali za dawa zenye jina la kiwanda, zikiwa ngazi ya chini huwa nafuu sana, wakati mwingine bure. Dawa yenye jina la kiwanda inaweza kukuvunja mgongo, hasa Januari kizingiti kinapoanza upya. Na hata jeneriki si salama moja kwa moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichambua manunuzi ya mwaka 2013 wakakuta kwamba katika 23 kati ya kila manunuzi 100, kopei, yaani kile kiasi anachodaiwa mgonjwa dirishani, ilizidi kile ambacho bima iliirudishia famasi kwa dawa hiyo. Mgonjwa alikuwa anamlipia dalali faida, na huku anaamini bima inamsaidia.

Zamani mfamasia alikuwa hawezi hata kukwambia. Mikataba ilikuwa na kifungu cha kumfunga mdomo: ukimweleza mgonjwa kwamba bila bima ni nafuu, unaweza kutolewa kwenye orodha ya famasi zinazokubaliwa. Majimbo mengi yalipiga marufuku vifungu hivyo kimoja baada ya kingine, kisha Oktoba 2018 zikaja sheria mbili za shirikisho zilizovifuta nchi nzima. Lakini zishike vizuri: zinamruhusu mfamasia kusema, hazimlazimishi. Pamejaa foleni, simu inalia, mtu wa dirisha la magari anapiga honi. Usipouliza, yamkini hutaambiwa.

Kizingiti. Hapa bima haina mshindani. Unachotoa kupitia kadi kwa dawa zinazokubaliwa na mpango huhesabiwa, kama si kwenye kizingiti basi kwenye kikomo cha mwaka, yaani kiasi cha juu kabisa kinachoweza kukutoka mfukoni, na ukishakifika, dawa hizo hulipwa zote.

Sheria ya jimbo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hupotea. Bima za kazini ziko za aina mbili na kadi zake zinafanana kama mapacha. Aina ya kwanza, mwajiri ananunua bima kwa kampuni, na kampuni inabeba hasara. Hiyo iko chini ya jimbo. Aina ya pili, mwajiri analipa matibabu kwa fedha zake mwenyewe, na kampuni ya bima inamfanyia makaratasi tu. Hiyo inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na sheria nyingi za jimbo hazivuki uzio wake. Zaidi ya 60 kati ya kila wafanyakazi 100 wenye bima ya kazini wako kwenye aina hii ya pili. Maghala makubwa, viwanda vya nyama, hospitali kubwa, huko ndiko wengi wetu tunakofanya kazi, na huko ndiko aina hii ilikojaa. Yule mama wa Uvira ni mmojawapo.

Uzio huo una mianya. Arkansas ilitunga sheria mwaka 2015 kwamba dalali asiirudishie famasi chini ya bei iliyonunulia dawa. Chama cha madalali kikashitaki, na Desemba 10, 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ikaipa Arkansas ushindi kwa kura 8 kwa 0: jimbo linaweza kusimamia bei anazolipa dalali hata pale ERISA ilipo. Oklahoma ilijaribu kwenda mbali zaidi, ikataka mgonjwa awe huru kuchagua famasi aitakayo. Mahakama ya rufaa ilikataa mwaka 2023, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Kwa hiyo jimbo lina nguvu zaidi kwenye bei kuliko kwenye swali la uende famasi ipi. Aprili 2025 Arkansas ikawa ya kwanza kupitisha sheria ya kuwakataza madalali kumiliki famasi ndani ya jimbo, ianze Januari 2026. Jaji wa shirikisho akaisimamisha Julai 2025.

Kwa mgonjwa, jambo hilo lina uzito wake. Dawa maalumu za saratani, za yabisi, za ini, mara nyingi bima husema: nunua kwenye famasi yetu ya posta, au hatulipi. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliripoti Januari 2025 kwamba famasi zilizo chini ya madalali watatu wakubwa zilikusanya zaidi ya dola bilioni 7.3 juu ya gharama ya kununulia dawa maalumu za jeneriki kati ya 2017 na 2022. Baadhi ya dawa hizo zilipandishwa kwa mamia, nyingine kwa maelfu ya asilimia.

Usalama. Bima ina macho mapana. Hata ukinunua dawa moja huku na nyingine kule, mfumo wa dalali huona zote na huionya famasi zikigombana. Nimeshaona onyo la aina hiyo likimwokoa mzee mmoja aliyeandikiwa dawa mbili za kulainisha damu na madaktari wawili wasiojuana.

Inamfaa nani. Mwenye ugonjwa wa kudumu na dawa ghali, mwenye familia inayojua kwamba mwaka huu kuna upasuaji au uzazi, na yeyote mwenye Medicaid au Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee.

Kadi ya punguzo

Hizi ni zile za GoodRx na wenzake: unapakua programu kwenye simu au unachapisha karatasi, unatoa dirishani. Hakuna ada, hakuna fomu ya mapato, haijalishi umefika nchini lini.

Bei ya leo. Kwa jeneriki za kawaida, za presha, mafuta ya damu, mzio, antibiotiki, mara nyingi hushinda bima. Kwa dawa zenye jina la kiwanda, punguzo huwa dogo mno. Bei hutofautiana kati ya famasi na famasi kwenye barabara ileile, na hubadilika wiki hadi wiki, kwa hiyo iangalie kwenye simu asubuhi ya siku unayokwenda, si mwezi uliopita. Kuna famasi zinazozikataa kwa dawa zinazodhibitiwa kisheria.

Wengi hawajui kwamba nyuma ya kadi hii pia kuna dalali. Bei unayoiona ilipatanwa na PBM, na kila unapoitumia famasi hukatwa ada. Famasi huru ya mtaani, ile ambayo mwenye duka anamjua mtoto wako kwa jina, inaweza kupata hasara kwenye kichupa hicho. Sikwambii uache kuitumia. Mfuko wako una haki yake. Ila kabla hujaitoa, mwulize mwenye famasi huru bei yake mwenyewe ya taslimu. Mara nyingi atakufikia, au atashuka chini ya hapo, kwa sababu ada haitamtoka.

Kizingiti. Kwa kawaida haihesabiwi. Chukua mfano: kizingiti chako ni dola 1,500 na kufikia Septemba umeshatoa 1,400. Kuokoa dola 8 kwa kadi ya punguzo kutakuacha nje ya mlango uliokuwa umebakiza hatua moja kuuvuka. Baadhi ya mipango hukubali risiti ukiituma mwenyewe, basi piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize.

Sheria ya jimbo. Hii si bima, na kinga nyingi za bima hazikuhusu ukishaitumia. Vikomo vya kopei, haki ya kukata rufaa, amri za kurudisha marejesho kwa mgonjwa, vyote umeviacha. Usichanganye kadi hii na kuponi ya kiwanda, inayosaidia kulipia kopei ya dawa yenye jina. Kwa kuponi za kiwanda, zaidi ya majimbo 20, Kentucky ikiwamo, yamezitaka bima zilizo chini yao ziihesabu fedha ya kuponi kwenye kizingiti cha mgonjwa. Wenye Medicare na Medicaid hawaruhusiwi kutumia kuponi za kiwanda.

Usalama. Famasi yako bado inaona dawa zako, maadamu huhamihami. Bima haizioni. Na taarifa zako za afya zinakaa kwenye kampuni ya programu: Februari 2023 GoodRx ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho kuishitaki kwa kupeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni za matangazo kama Facebook na Google bila kuwaambia.

Inamfaa nani. Asiye na bima anayehitaji jeneriki leo hii, na mwenye bima yenye kizingiti kikubwa ambaye ana afya njema na hatarajii kukifikia.

Taslimu, bila dalali

Humu naweka mambo matatu yanayofanana: famasi za mtandaoni zinazouza kwa gharama pamoja na faida iliyotangazwa, orodha za bei nafuu za maduka makubwa, na famasi huru yenye bei yake.

Bei ya leo. Famasi ya mtandaoni inayojulikana zaidi ni Cost Plus Drugs, iliyofunguliwa Januari 2022 na mfanyabiashara Mark Cuban. Hesabu yake iko wazi: bei waliyonunulia, ongeza 15%, ongeza dola 5 za kazi ya mfamasia, ongeza dola 5 za kutuma. Piga mwenyewe. Dawa waliyonunua kwa dola 4 itakufikia kwa 14.60, wakati kwenye orodha ya Walmart, iliyoanza mwaka 2006, jeneriki nyingi za kawaida ni dola 4 kwa siku 30 na 10 kwa siku 90 katika majimbo mengi. Lakini dawa waliyonunua kwa dola 40 itakufikia kwa 56, na dawa hiyohiyo ikiwa ni miongoni mwa zile maalumu, kwa dalali inaweza kutozwa mamia au maelfu. Kwa hiyo kwa dawa ya rahisi kabisa nenda kwenye orodha ya duka; kwa jeneriki ghali, jaribu ya mtandaoni kabla hujakata tamaa. Nimeona mtu aliyekuwa anaruka siku ili vidonge vya saratani vifike mwisho wa mwezi akiacha kuruka baada ya kuijua njia hii.

Ukitaka kupima kama famasi inakutoza kwa haki, serikali ya shirikisho hutoa orodha iitwayo NADAC, inayoonyesha wastani wa bei ambayo famasi hununulia kila dawa. Iko bure mtandaoni. Zidisha senti za kidonge kimoja kwa idadi ya vidonge vyako, na utajua unaongea na mtu wa aina gani.

Kizingiti. Haihesabiwi, isipokuwa pale mpango wako una mkataba na famasi hiyo.

Sheria ya jimbo. Hakuna dalali wa kubanwa, kwa hiyo sheria za madalali hazina kazi. Yanayokulinda ni masharti ya leseni: hakikisha famasi ya mtandaoni ina leseni ya jimbo unaloishi na inadai cheti cha daktari. Ikikuuzia bila cheti, kimbia.

Usalama. Hapa ndipo udhaifu ulipo. Ukinunua moja mtandaoni, moja dukani na moja mtaani, hakuna mtu mmoja anayeziona zote. Andika orodha ya dawa zako kwenye karatasi, itunze pochini, ioneshe kila famasi. Na ya posta huchukua siku kadhaa. Antibiotiki ya mtoto mwenye homa haiwezi kusubiri. Kwenye majengo ya kupanga ambako vifurushi hupotea mlangoni, fikiria mara mbili.

Inamfaa nani. Mwenye dawa ya kila mwezi isiyobadilika, mwenye anwani iliyotulia, na aliyeandikiwa jeneriki ambayo bima inaitoza kama dhahabu.

Kliniki ya jamii

Njia hii husahaulika, na jamii zetu zinaihitaji kuliko zote. Tangu 1992 kuna mpango wa shirikisho uitwao 340B, unaovilazimisha viwanda kuziuzia kliniki za jamii na baadhi ya hospitali dawa kwa bei ya chini sana. Bei ya leo unayolipa wewe hupangwa kufuata mapato na ukubwa wa kaya, na kliniki ya jamii inayofadhiliwa na shirikisho haimkatai mtu kwa kukosa uwezo wa kulipa. Kizingiti, kwa asiye na bima, si suala. Mwenye bima ataitumia bima yake hapohapo. Sheria ya jimbo huingia kwa mlango wa nyuma: viwanda vimejaribu kupunguza famasi za nje ambazo kliniki zinaweza kushirikiana nazo, na majimbo kadhaa, Arkansas ikiwa mstari wa mbele, yamevikataza. Usalama ni bora kuliko njia zote, kwa kuwa daktari, muuguzi na mfamasia wanasoma faili moja, na una haki ya kupewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimtumie mtoto wako akutafsirie dozi.

Kasoro yake ni muda. Lazima uwe mgonjwa wa kliniki hiyo, na miadi ya kwanza inaweza kuchukua wiki. Inamfaa asiye na bima mwenye magonjwa ya kudumu, na mgeni ambaye karatasi zake za bima bado zinazunguka.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una Medicaid: tumia Medicaid, usihangaike na kadi za punguzo, kwa sababu kopei zake ni ndogo mno au hazipo. Ila fuatilia tarehe. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inapunguza makundi ya wahamiaji wanaostahili Medicaid kuanzia Oktoba 1, 2026, na wakimbizi ambao hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu wamo. Kama wewe ni mmoja wao, jiandikishe kliniki ya jamii mapema, kabla chupa haijaisha.

Una Medicare: kikomo cha unachotoa mfukoni kwa dawa za mpango kwa mwaka 2026 ni dola 2,100. Ukinunua nje ya mpango, kwa kawaida dola hizo hazikusogezi kukifikia. Mzee mwenye dawa nyingi abaki ndani.

Una bima ya kazini: nenda ofisi ya rasilimali watu uulize swali moja, kama mwajiri anajilipia matibabu mwenyewe au amenunua bima kwa kampuni. Jibu litakwambia kama malalamiko yako yaende kwa idara ya bima ya jimbo au kwa Wizara ya Kazi ya shirikisho. Baada ya hapo, kila dawa ipimwe peke yake. Yule mama sasa analipa ya mafuta kwa kadi ya punguzo na ya kisukari kwa bima, zote kwenye famasi moja ili sisi tuzione pamoja.

Una bima na umeandikiwa dawa ghali: usiikimbie bima hata kama leo bei inauma. Mwombe daktari akuombee kibali cha bima, au akuandikie mbadala ulio kwenye orodha. Ikiwa ni jeneriki maalumu, linganisha na famasi ya mtandaoni, kisha fanya hesabu ya mwaka mzima.

Huna bima na unahitaji dawa leo: orodha ya duka kwanza, kadi ya punguzo pili, na kesho yake piga simu kliniki ya jamii upate miadi.

Unatumia insulini: hapa sheria zimesonga mbele kuliko kwa dawa nyingine yoyote, basi usilipe bei ya zamani. Colorado ilianza mwaka 2019 kwa kuweka kikomo cha dola 100 kwa mwezi. Kentucky ilipitisha dola 30 mwaka 2021. Vikomo hivi vya majimbo huwagusa wenye bima zilizo chini ya jimbo, si wale wa mwajiri anayejilipia. Medicare ni dola 35 tangu 2023. Eli Lilly na Sanofi wana mpango wa dola 35 kwa wasio na bima. California inauza insulini yake yenyewe tangu Januari 2026, kalamu tano kwa kisichozidi dola 55. Na ukiwa Minnesota na zimebaki chini ya siku saba, kuna sheria yenye jina la Alec Smith, kijana wa miaka 26 aliyefariki mwaka 2017 akipunguza dozi baada ya kutoka kwenye bima ya mama yake. Nenda na kitambulisho na cheti chako famasi yoyote, sema unaomba insulini ya dharura. Kwa mwenye kustahili, utaondoka na ya siku 30, na famasi haiwezi kukutoza zaidi ya dola 35.